Gwantwa na Bosi Wake

Mpemba, Tunduma
14 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Brian,

Mulishani, kama mnavyosalimiana huko mgodini Kitwe. Kifua kimepona? Usinijibu "freshi tu", nijibu kama mgonjwa. Sisi tunaamka salama. Magoti yangu huchelewa kidogo kuamka, lakini hufika.

Uliniuliza kama mkeo Gwantwa aendelee kumtunza baba yako au uje umchukue uishi naye huko. Nilikawia kukujibu makusudi, nikiwatazama.

Unajua desturi ya kwao Rungwe: mwanamke hamtaji baba mkwe kwa jina, wala hamsemeshi. Na baba yako, kaka yangu Anania, tangu macho yafifie, anahitaji kusemeshwa kila hatua. Basi mwanzoni Gwantwa alikuwa anaongea na paka. "Paka, uji uko mezani." "Paka, kuna ndoo hapo mlangoni." Baba yako anajibu kwa kukohoa. Paka akanenepa kwa heshima.

Kisha mkeo akaanza kukaanga vitumbua pale nje, karibu na maegesho ya malori, akaokota neno: bosi. Unalijua la hapa mpakani. Mbadilisha fedha anakuita bosi kabla hujagusa mfuko. Mbeba mizigo anakuita bosi mpaka umnyime mzigo. Ukiambiwa "haya, bosi" kwa sauti ya chini, ujue umeshatukanwa. Mama yako mdogo Edina huniita hivyo nikirudi bila unga.

Gwantwa akaona hilo ni neno ambalo hakuna ukoo uliowahi kulikataza, maana linamwita kila mtu bila kumtaja yeyote. "Bosi, uji tayari." Jina likabaki na heshima yake, na uji ukafika wa moto. Mimi niliyejisomea kwa magazeti ya kufungia nyama nisingebuni kitu kama hicho.

Baba yako hakulipenda. "Bosi ni mwenye lori," alininung'unikia. "Mimi nina jembe." Akaendelea kukohoa.

Jumanne akatoka peke yake. Lori lilikuwa linarudi nyuma, naye yuko nyuma yake, haoni. Gwantwa akaacha vitumbua vinaungua: "Bosi! Simama hapo hapo, bosi!"

Mwanangu, barabara nzima iligeuka. Dereva akakanyaga breki, maana naye ni bosi. Hata mimi niligeuka, sijui kwa cheo gani. Na baba yako akasimama, lori likiwa karibu kumgusa bega. Akaielekea ile sauti, akasema:

"Nimesimama, bosi."

Gwantwa akajifunika uso kwa khanga. Sikuuliza kama analia au anacheka.

Sasa wanaitana hivyo kutwa nzima. Nyumba ina mabosi wawili na haina mfanyakazi, ila kuni hazikosekani. Jibu lako analo baba yako, kanituma nikuandikie kama alivyosema: "Brian aje kutusalimia, alete na kitenge. Lakini bosi wangu asiguswe."

Edina anakusalimu sana. Nisalimie jirani zako Lucky na Faith. Mungu akushushe mgodini salama, na jioni asisahau kukupandisha.

Wako akupendaye bila cheo,
Baba mdogo Ezron