Tumbo Langu Halina Chuki

Baba Mugure,

Chai iko kwa thermos. Githeri ni ya jana, pasha moto. Ng'ombe nimekamua.

Nimeenda hospitali Nakuru. Asubuhi nimetapika kitu cheusi kama majani ya chai, na wewe ukasimama kwa mlango ukiuliza mbona chai imechelewa.

Mwezi mzima tumbo linanichoma kama nimemeza makaa. Mama yako akasema ni uchungu wa moyo, nimsamehe dada yako. Mkaita fellowship nzima hapa sebuleni, mkaniwekea mikono, mkanifungisha siku tatu bila kula. Na mimi nikitoka kupalilia nameza dawa za mgongo na sijatia kitu tumboni! Jana mwenye chemist ameniambia huenda hizo dawa ndizo zimenitia vidonda, na nikitapika nyeusi nisingoje.

Mugure asisahau sweta, huku Bahati kuna baridi.

~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi wakiniruhusu.

Mwambie mama yako dada yako nilimsamehe tangu Pasaka, na bado tumbo lilichoma. Wewe ngoja kwanza nipone.

Mama Mugure