Namba Yangu Kwenye Foleni

Dada yangu mpenzi,

Pokea mabusu ya bibi harusi wako! Mapazia uliyotuzawadia yamependeza mpaka jirani ameomba nimwelekeze fundi. Na shemeji yako, jamani! Kwenye lifti anawapisha wazee, hampiti mfagiaji bila kumwambia "pole na kazi." Watu wananiambia, "Umepata mume, bwana! Ana adabu huyo!" Nami moyo unayeyuka.

Nyumbani huwa amechoka. Maneno yote anayamaliza kazini, kwenye dirisha la kuhudumia wateja. Anakula, anasukuma sahani, analala. Ni uchovu tu, usimwambie mama.

Jumanne nilifanya kituko, utanicheka. Nilienda ofisini kwake, nikachukua namba ya foleni, nikakaa na wateja karibu saa nzima. Namba yangu ilipoitwa alikuwa bado anaandika. Bila kuinua kichwa, akasema kwa sauti ileile aliyonitongozea:

"Karibu sana, dada yangu. Pole kwa kusubiri. Nikusaidie nini leo?"

Dada, machozi yalinitoka palepale.

Ndipo akaniona. Tabasamu likamfutika usoni. "Unataka nini hapa? Nenda nyumbani, watu wanangoja."

Nikampisha mzee aliyekuwa nyuma yangu. Nikiwa mlangoni nikamsikia naye akikaribishwa, akipewa pole.

Karatasi ya namba nimeiweka kwenye albamu ya harusi. Siku nikizidiwa na ukimya, nitakwenda kupanga foleni tena.

Nakukumbatia kwa nguvu,
Mdogo wako, mke wa mwungwana