Ugonjwa Ambao Kwetu Haupo

Jumatatu, 6 Machi

Bado siamini. Nimeamka mke wa mtu! Behruz alikuwa amelala, nywele zimemsimama kama za kifaranga, mikono inanukia chuma – yeye hufua mikasi, ile yenye umbo la korongo – nami nikakaa kumtazama mpaka nikakaribia kuchelewa kufagia ua. Hapa Bukhara bibi harusi anayeamka baada ya mama mkwe wake husemwa mpaka azeeke.

Nikafagia. Nikamwinamia mama mkwe wangu, Mama Saodat, mkono kifuani, kama nilivyofundishwa. Akaniombea heri. Basi nikataka kumfurahisha zaidi: nikakusanya nguo zake zote nikazifua kwa maji ya moto. Mpaka sidiria! Moja ilikuwa nzito upande mmoja. Nikadhani ameshonea hirizi. Nilipoianika, kimfuko kilichoshonewa ndani kikawa kinavimba, kinavimba, kisha uzi ukaachia na mtama ukamwagika uani. Mtama!

Mama akatoka. Akaichomoa sidiria kwenye kamba, akaificha chini ya shali. Akaniambia kwamba sasa nimempikia uji, na kwamba nguo zake za ndani nisizifue tena. Hakucheka. Upande wa kushoto kifua chake kilikuwa bapa. Nilitazama, naye akaona kwamba nimetazama.

Jumanne, 7 Machi

Nimemuuliza Behruz. Akanieleza akiwa ameugeukia ukuta.

Kansa ya titi. Miaka minne sasa. Walimkata titi huko Tashkent, na Behruz ndiye aliyekaa naye hospitali, akamlisha, akamshikia beseni dawa zilipomtapisha. Mtaani walisema ni mawe ya nyongo. Hata wifi zangu wawili, Mavluda na Sitora, wanajua nyongo tu! Mama akienda kupimwa, wanaambiwa amemsindikiza mwanawe kununua chuma.

Na siri yenyewe ni kwa ajili yao. Washenga huuliza magonjwa ya ukoo kabla ya kuuliza jina la msichana. Sitora anaposwa sasa hivi. Jumapili ya tarehe kumi na tisa upande wa bwana watakuja kumega mkate, na mkate ukishamegwa, neno limefungwa.

Nililia. Lakini si kwa huzuni tu – nimeolewa na mwanamume aliyemshikia mama yake beseni! Nimemwapia sitasema. Nampenda mpaka naogopa.

Jumatano, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Behruz kaniletea maua ya manjano, mengine ameyaficha ndani ya kiatu changu. Kichaa wangu!

Wifi Mavluda amefika kutoka Navoi alikoolewa, na mtoto wake mchanga, Jasur. Atakaa nasi zaidi ya wiki. Anacheka kwa sauti, anakula kama fundi wa ujenzi, ananiita “bibi harusi wa sukari”. Nimempenda papo hapo.

Jioni alikuwa ananyonyesha, akaniomba nimletee jani la kabichi. Anasema maziwa yamemganda ziwa la kulia, na kabichi huyayeyusha. Nikamuuliza tangu lini. Tangu kabla hajajifungua, akasema, wakati wa matikiti. Akanishika kidole akakiweka hapo ili nijionee, tukicheka.

Sikucheka tena. Ni gumu kama kokwa la aprikoti. Halisogei. Haliumi hata nikilibonyeza. Na juu yake ngozi imeingia vishimo-vishimo, kama ganda la chungwa.

Maziwa gani yanaganda kabla mtoto hajazaliwa?

Alhamisi, 9 Machi

Sijakaa chini leo. Nimefagia ua mara mbili. Nimeunguza kitunguu cha pilau. Behruz anauliza nina nini, namwambia nampenda. Ni kweli, lakini si jibu.

Ijumaa, 10 Machi

Nimemwambia Mama. Tulikuwa peke yetu jikoni, tunakata karoti. Nilimweleza nilichokigusa. Kisu chake kikasimama, halafu kikaendelea.

Akasema ni maziwa. Akasema wanawake wote wa Navoi hawajui kunyonyesha. Nikasema Mama, ngozi yake ina vishimo. Hapo akaniangalia, na usoni mwake niliona kwamba vishimo hivyo anavijua.

“Baada ya mkate,” akasema. “Sitora akishachukuliwa, nitampeleka mwenyewe.”

Nikamwambia baada ya mkate Mavluda atakuwa ameshaondoka, basi lake ni Ijumaa ijayo.

“Wewe umeingia nyumba hii juzi. Maji ya kuogea harusi hayajakukauka. Utanifundisha mimi kuwapenda wanangu?”

Nikainama. Nikamaliza karoti.

Behruz naye anasema nivumilie, tusimvunje mama. Nikamuuliza, na dada yako? Akavaa koti akarudi kwenye mikasi yake. Ugomvi wetu wa kwanza! Mto una harufu yake na yeye hayupo.

Jumapili, 12 Machi

Tumenuniana. Chai yake nimemwekea sukari nyingi makusudi, akainywa yote bila kukunja uso. Nitamfanya nini mtu kama huyu?

Jumatatu, 13 Machi

Leo. Leo!

Nilijaribu mwenyewe, bila kuitoa siri ya Mama. Nilimwambia wifi aende kliniki hapa hapa mjini, mimi nitambebea mtoto. Akanitania: nizae kwanza, ndipo nimfundishe habari za maziwa. Nikashikilia. Nikamwambia kuna kansa ya matiti, hata wanyonyeshao hupata, na ikiwahiwa watu wanapona. Akasema anajua, kliniki ya Navoi walimpa karatasi yenye utepe wa waridi alipompeleka mtoto kupimwa uzito. Ameikunja akazibia dirisha linalopiga kelele.

Mama alikuwa anapakua supu.

“Wifi, hayo ni ya watu wengine,” Mavluda akasema. “Yanakwenda kwa ukoo. Kwetu hayapo. Angekuwa nayo mtu, si ningejua?”

Upawa wa Mama ulibaki hewani. Supu ikawa inadondoka mezani, tone, tone, na Sitora akamwambia, Mama, unamwaga. Mama akauweka upawa sufuriani. Akatoka nje bila shali, kwenye baridi ile. Nilimwona dirishani amesimama karibu na tanuri la mkate, mikono imeshikana mbele ya kifua.

Behruz amerudi mapema. Nilimweleza. Alikaa kitandani, akaficha uso shingoni mwangu, akasema nilikuwa sahihi na kwamba anaogopa. Nilimkumbatia. Hata mimi, mpenzi wangu.

Jumatano, 15 Machi

Mama anapika, anafua, anambeba Jasur, anamtazama Mavluda anaponyonyesha kisha anatazama pembeni. Kesho wanawake tunakwenda kuogea mvuke hamamu – ndiyo desturi, bibi harusi mpya apelekwe na wa nyumbani kwa mumewe. Bi Hosiyat, shangazi wa yule bwana anayemposa Sitora, ametuma salamu kwamba naye atakuja. Kila mtu anajua kwa nini. Huko msichana hukaguliwa bila gauni.

Mama haendi. Hajakanyaga hamamu miaka minne. Husema mvuke unamsumbua moyo.

Keshokutwa Mavluda anaondoka.

Alhamisi, 16 Machi

Naandika nikiwa hamamu, chumba cha kuvulia nguo, daftari gotini na Jasur amelala juu ya taulo. Joto la ndani si la mtoto, kwa hiyo mtu alitakiwa abaki naye. Nilijitolea.

Asubuhi tulikuwa tumeshavaa viatu. Mama akatoka chumbani na tasa lake la shaba la kuogea, akalitia kwenye furushi letu. Sitora akauliza, na moyo wako Mama? Akajibu moyo wake atajua mwenyewe.

Amevulia nguo pale pembeni, amegeukia ukuta, amejifunga shuka kutoka kwapani hadi miguuni. Bi Hosiyat alimtania: mama mwenye nyumba unaona haya kama bibi harusi! Mama hakumjibu. Aliponipita alinigusa shavu. Kiganja kilikuwa baridi kama chuma cha Behruz.

Sasa wako ndani. Nasikia matasa yakigongana, maji yakimwagwa, Mavluda na kicheko chake. Bi Hosiyat anasifu nywele za Sitora, anauliza zinafika wapi zikifumuliwa.

Kelele zimekatika.

Maji tu yanatiririka. Halafu Mama, taratibu, sauti inarudi kutoka kwenye kuba:

“Mavluda. Njoo unisugue.”

Wifi amejibu kitu, nadhani amemwambia ageuke ampe mgongo.

“Si mgongo. Njoo huku mbele. Lete mkono wako, mwanangu. Shika hapa. Haya, sasa jishike na wewe.”

Bi Hosiyat anamtaja Mungu. Jasur ameamka, anatafuta ziwa kifuani mwangu, nami sina cha kumpa. Namwimbia. Nautazama mlango. Haufunguki, na kule ndani sasa kuna mtu analia, na siwezi kujua ni nani.