Kijivu Mwenye Soksi Moja

Muaither, Doha
9 Novemba 2024

Kwako Marvin mjukuu wangu,

Pokea salamu zangu. Njeru hajambo? Anakula? Usimpe mahindi mabichi, atavimba tumbo na wewe utakaa hapo ukimtazama kama televisheni. Wewe pia natumaini u mzima. Sisi huku hatujambo. Dada yako Kendi anaingia zamu hospitalini, mimi nabaki na mtoto wake Melissa kwenye chumba chenye mashine ya baridi. Nje moto, ndani barafu. Sijui watu wa huku walimkosea nani.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mimi si mtu wa kubonyeza. Nilihangaika na masomo ya ngumbaru ukubwani mpaka nikajua kuandika, sitaacha kalamu sasa. Kendi ndiye anayepiga picha karatasi kwa simu yake na kukutumia; wewe nijibu kwenye simu yangu, kusoma naweza. Hasomi. Namsimamia.

Sasa sikia. Jirani yetu Harun, Mganda anayelisha farasi kwenye mabanda ya tajiri mmoja, alitupeleka kutazama mbio. Kuingia ni bure. Marvin, farasi! Tangu nilipoacha kufagia mabanda ya yule Mzungu wa Timau sikuwa nimeona farasi wa maana. Kuna mmoja wa kijivu, mguu wa nyuma mweupe kama amevaa soksi moja akasahau nyingine. Jina lake Ghubar, Harun anasema maana yake ni vumbi. Alitoka wa pili, lakini kosa si lake. Aliyempanda alikuwa anavuta hatamu kama mtu anayefunga mlango uliokwama. Akirudi na mtu mwingine mgongoni atawaacha wote. Mimi nimesema.

Mwezi wa nne viza yangu inaisha, narudi kwangu. Kendi anasema hataniacha nikakae Timau bila kitu. Nimemwambia nina ng'ombe, na mwanamke mwenye ng'ombe si mgeni wa mtu. Kwa hiyo mtunze Njeru. Bila yeye nitazeekea kwenye kochi la mjukuu.

Ni mimi Shosho yako

*

Timau
28 Novemba 2024

Shosho wangu,

Habari ya huko? Natumai Kendi na Melissa wako salama na wewe mgongo umetulia. Umeuliza ng'ombe kabla yangu, lakini ni sawa, nimezoea. Njeru yuko fiti, anakula kunishinda.

Shosho, kaa chini kwanza. Ghubar alikimbia jana na joki mwingine. Kuna mtandao kwenye simu unaonyesha mbio za dunia nzima, hata za huko kwenu, na mtu anaweza kubeti. Niliweka pesa ya mbolea. Pale kinyozi kwa Japheth walinicheka: "Wewe unajua nini kuhusu farasi? Hata punda wa maji anakushinda mbio!" Basi mbio zikaanza, Ghubar mwisho kabisa. Nikaona mbolea imeenda. Kona ya mwisho, Shosho, akatoka pembeni akawapita kama wamefungwa kamba. Japheth alizima mashine mteja akiwa amenyolewa upande mmoja.

Nimenunua mbolea na chenji imebaki. Nimekununulia blanketi la kitanda chako. Sasa nikipita wananiita Mjukuu wa Farasi. Shosho, una macho. Nani mwingine umemwona?

Mjukuu wako Marvin

*

Muaither
1 Desemba 2024

Marvin,

Salamu utapata ukizistahili. Njeru hajambo?

Wewe ni mjinga? Mbolea ya shamba langu unaiweka kwenye makalio ya farasi? Huku kamari haitajwi hata kwa kunong'ona, mtu anafungwa, akitoka anarudishwa kwao. Nilikupigia hadithi kama mtu anavyompigia mwenzake hadithi, sikukutuma ukabeti. Babu yako hakuwahi kucheza hata karata. Ukirudia, nitapanda ndege na fimbo mkononi, na wakininyang'anya fimbo uwanjani nitatumia kiatu.

Lakini nilikwambia. Sikukwambia? Yule joki wa kwanza alikuwa anamvuta. Hata Harun ameshangaa, na yeye ndiye anayemlisha. Ameniambia, "Mama, ungekuwa mwanamume wangekuajiri." Nikamjibu, ningekuwa mwanamume ningekuwa na akili za mjukuu wangu.

Blanketi liwe zito. Haya mepesi yananikera.

Ni mimi Shosho yako

Alhamisi kuna jike jeusi lenye masikio marefu. Namtaja tu. Usifanye kitu.

*

Timau
12 Januari 2025

Shosho mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Mafua yameisha? Hapa baridi imekuwa kali, asubuhi nyasi ni nyeupe. Njeru hajambo, kabla hujauliza.

Lile jike jeusi lilishinda, ulisikia? Niliweka na nikapata. Kisha ukamtaja yule mwekundu, uliyesema ana kifua kama kabati. Shosho, alishindwa kwa pua, mwenzake alitanguliza pua tu mstarini. Pua! Nilikuwa nimeshambeba Japheth mgongoni nikishangilia, ndipo wakaonyesha picha. Hizo zingekuwa bati za nyumba nzima. Na yule wa Krismasi alimaliza wa kwanza, kila mtu aliona, halafu wakamwondoa eti alimsukuma mwenzake kwenye kona. Nilikuwa nimeshika simu hivi, pesa zimeingia, halafu zimetoka, kama mtu aliyepiga hodi akabadilisha nia.

Kwa hiyo usinihesabie kwamba nimepoteza. Nimekosa kidogo tu. Mtu anayekosa kidogo yuko karibu. Silali nikifikiria ile pua.

Mjukuu wako Marvin

*

Muaither
2 Februari 2025

Marvin,

Natumaini u mzima wa mwili, maana kichwa najua hakipo. Njeru hajambo? Kendi anakusalimu, Melissa ameota jino.

Kukosa kidogo ni nini? Njoo unieleze. Ng'ombe akikosa mimba kidogo, anazaa? Mandazi yakikosa kuiva kidogo, unakula? Jirani yangu Loice amemwambia Kendi kwenye simu kwamba dirisha langu limezibwa kwa gunia na wewe shambani huonekani, uko kwa kinyozi na huna hata nywele. Nilimwambia Kendi ni uongo wa Loice. Nimekudanganyia, mimi, kwa umri huu. Kendi anangoja sababu moja tu ya kuniongezea viza. Usimpe.

Nimemaliza kutaja farasi. Usiniulize tena.

Ila yule mwekundu alionewa. Joki wake aligeuka kutazama nyuma, na pale ndipo pua ilipopotelea. Mimi niliona, Harun hakuona.

Mwisho wa mwezi huu ni siku kubwa, watu watakuja na magari ya kila rangi. Ghubar anarudi. Harun aliniingiza bandani nikamgusa shingo kwa mkono wangu. Ngozi yake inateleza kama maji. Hakuna farasi hapa wa kumpata. Nasema kwa sababu ni kweli, si kwa ajili yako.

Ni mimi Shosho yako

*

Timau
26 Februari 2025

Shosho wangu,

Salamu. Natumai umeamka vizuri.

Sitakudanganya. Nimemweka Njeru. Sijamuuza, usipige kelele. Nimechukua pesa kwa Dominiko yule wa bucha, na Njeru ni dhamana. Kesho Ghubar akishinda, jioni ileile namlipa Dominiko na Njeru analala nyumbani. Zitakazobaki ni za dirisha, bati, na ndama jike. Ukija mwezi wa nne utakuta ng'ombe wawili, Kendi hatakuwa na neno.

Akishindwa, Dominiko anamchukua. Lakini hawezi kushindwa. Wewe mwenyewe ulimgusa shingo. Zile pua zote zilikuwa za farasi uliowaona kwa mbali tu. Huyu ulimgusa.

Najua utanitukana. Nitukane kesho, baada ya mbio.

Mjukuu wako Marvin

*

Uwanjani
27 Februari 2025

Marvin,

Salamu baadaye. Nimesoma maneno yako asubuhi, chai ikanishinda. USIWEKE. Kama umeweka, toa.

Nimemwona sasa hivi akizungushwa mbele ya watu. Anatoka jasho katikati ya mapaja na hajakimbia hata hatua. Ule mguu wa soksi anaukanyaga kama anakanyaga kaa la moto. Harun amewaambia wakubwa wake, wamemfukuza, wageni wa tajiri wamekuja kumwona farasi wao. Simu za mtandao hapa hazipiti, za kulipia sina kredi. Kwa sauti siwezi kurekodi, askari amesimama karibu nami na neno lenyewe unalijua. Kendi yuko zamu. Naandika nyuma ya karatasi ya ratiba, picha napiga mimi mwenyewe kwa simu yangu, mikono inanitetemeka.

Ng'ombe wangu, Marvin. Toa hiyo pesa kabla farasi hawajaingia kwenye milango ya kuanzia mbio.

Shosho yako

*

Timau
27 Februari 2025

Shosho!

Picha yako imefika. Yote ni ukungu, naona kidole chako kimoja na juu jina langu tu. Japheth ameikuza mpaka ikawa kama uji. Hatujasoma hata neno. Lakini nimeelewa. Hujawahi kutuma kitu bila Kendi, na leo ya leo umejaribu mwenyewe. Japheth amesema, "Huyo mama amekuombea mpaka mikono imetetemeka."

Nikwambie ukweli, nilikuwa nimeanza kuogopa. Nilikuwa nimeshika simu nitoe nusu, niokoe hata miguu miwili ya Njeru. Picha yako ilipoingia nikaacha zote.

Wanaingia kwenye milango sasa. Yule wetu ndiye mzuri kuliko wote.

Mjukuu wako Marvin

*

Timau
2 Machi 2025

Shosho,

Sijui nianze na salamu gani.

Ulikuwa pale, uliona. Aliongoza tangu mwanzo. Kwa Japheth watu walisimama juu ya viti. Hatua za mwisho nikaona kichwa kinainama, kama mtu anayetafuta kitu chini, na yule mweusi akafika. Kwa pua, Shosho. Tena. Hakuna aliyenicheka. Afadhali wangenicheka.

Dominiko alikuja asubuhi na gari. Njeru alikataa kupanda. Alinigeukia mimi nimsaidie. Nikamsukuma kwa bega mpaka akapanda.

Nyumba nimefunga, ufunguo uko kwa Loice. Blanketi liko kitandani kwako, hilo sikuliuza. Siwezi kukaa hapa nikisikia ndoo zikigongana kwa majirani wakati wa kukamua.

Kitu kimoja nataka kujua kabla sijazima simu. Siku ile uliandika nini? Nikiangalia ile picha naona kama mstari wa kwanza una neno kubwa. Niambie tu.

Marvin

*

Muaither
3 Machi 2025

Marvin,

Mshenzi wewe. Mwizi. Ng'ombe aliyenijua kwa mguu nikitembea, umemsukuma kwa bega? Bega hilo nililibeba mgongoni mwangu tangu mama yako alipokuzaa akakuacha na kitovu hakijadondoka! Rudi nyumbani leo, fungua hiyo nyumba, lala humo ndani, njaa ikuumize humo. Usinikimbilie mjini. Huwezi kunikimbia, nina miguu.

Nimemwambia Kendi mwenyewe. Hakupiga kelele. Amelia jikoni, akanawa uso, akaenda kujaza karatasi za viza yangu. Basi. Nimekuwa mtu wa kochi.

Kuhusu karatasi ile, utajua ukirudi, na utajua ukiwa umesimama mbele yangu.

Washa simu.

Shosho yako

*

Muaither
16 Machi 2025

Marvin,

Ile barua ya tarehe tatu ina tiki moja. Kendi amenionyesha, anasema tiki moja maana yake haijafika. Nimemwambia atume tena. Ametuma. Moja.

Loice anasema ulionekana stendi ya Isiolo na begi. Mwingine anasema si wewe. Wewe mtoto, hata kuonekana huwezi kuonekana vizuri?

Huku wamefunga Ramadhani, mchana barabara zimenyamaza. Harun alipita, nikamuuliza yule wa kijivu. Akasema mguu ulipasuka mfupa tangu kabla ya siku ile, akakimbia nao hivyohivyo. Nikamuuliza sasa yuko wapi. Akaanza kunieleza bei ya majani makavu. Sikuuliza tena. Alinialika mbio za wiki ijayo, nikamwambia macho yangu yameharibika.

Washa simu hata kidogo, uzime tena.

Shosho yako

*

Muaither
20 Aprili 2025

Kwako Marvin mjukuu wangu,

Leo ni Pasaka. Kendi amepika chapati, zimekauka, nimemwambia. Melissa anasimama kwa kushika kochi. Viza imekubaliwa.

Hizi zote nilizokuandikia ziko kwenye simu ya Kendi na tiki yao moja. Kwa hiyo ukiwasha zitakuingilia kwa pamoja. Ile ya matusi usianze nayo. Anza na hii.

Umeuliza niliandika nini siku ile. Nimekaa na swali lako tangu Machi. Karatasi yenyewe ninayo, ya ratiba, nimeikunja ndani ya Biblia, na unajua mimi si mtu wa kuzungusha maneno.

Niliandika salamu. Ni hivyo tu. Kwamba sisi huku hatujambo, na kwamba nakuombea. Hilo neno kubwa la kwanza ni jina lako. Hakukuwa na kitu kingine cha kusoma, hata ingetoka picha nzuri. Usiitazame tena. Ifute.

Sitauliza habari za mwingine yeyote.

Wewe hujambo? Unakula? Unalala wapi?

Ni mimi Shosho yako