Kasha Lisilovunjwa

Viwandani, Nairobi

Kwa Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Tata. Mpe na Mama shikamoo yake kabla hujaendelea, maana najua amekaa karibu yako anasubiri kusikia kama nimekonda. Sijakonda sana. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Na ule mgomba ulioinamia jiko, mliuwekea mwega au mliukata? Mimi ni mzima wa mwili. Kinachonisumbua ni hayo nitakayokueleza.

Uliniagiza niandike kwa mkono kwa kuwa ukoo haukubali neno la simu. Nimefurahi. Simu ya nyumbani mnaiweka sauti kubwa, na kila aliyeko sebuleni ananijibu. Barua hii nimemkabidhi Mzee Salumu, mwenye duka wa Nkwenda, aliyekuja huku kununua vitambaa. Naomba uisome peke yako kwanza. Mwishoni nimeandika maneno ya kuusomea ukoo, na hayo tu ndiyo yao.

Swali lenu nimelielewa. Sehemu ya chini ya kibanja chetu cha migomba, ile inayoshuka hadi kijitoni, penye kaburi la Bibi, ni yangu ikiwa nitakuja msimu huu kuitandika nyasi kwa mikono yangu, mbele ya baba wadogo. Nisipofika anapewa Kaka Kaiza, ambaye yupo na anailima. Sina ugomvi na desturi hiyo. Nataka tu ujue kwa nini nimechelewa kujibu.

Kaiza huwaambia watu wa Nyakatuntu kwamba natengeneza magari. Mimi ni karani wa stoo. Magari yanafika hapa vipande vipande ndani ya makasha ya mbao, mafundi wanayaunganisha, mimi napokea na kukagua. Pikapu tunayounganisha sasa ndiyo hiyo mnayoiona ikibeba ndizi kutoka Bugomora, na muda wake unaisha. Tangu mwaka jana mazungumzo ya kiwandani ni modeli itakayofuata tu: itakuwa na sura gani, na itaunganishwa wapi. Mmoja anasema Misri, mwingine Afrika Kusini, mwingine anaapa ni hapa hapa. Hata mlinzi wa getini ana habari zake za uhakika.

Zamani kila gari lilikuwa na chasisi yake. Siku hizi kampuni mbili zinakubaliana kuchora chasisi moja, kisha juu yake zinaweka pikapu, gari la familia na kigari cha mizigo, kila moja na nembo yake. Ni kama watu wawili watumie ramani moja ya msingi, mmoja ajenge nyumba, mwingine duka. Kwao ni nafuu. Lakini msingi ukiwa mmoja, kiwanda kimoja kikubwa kinatosha, na sisi wa viwanda vidogo tunabaki kusubiri kuambiwa.

Mwezi uliopita likaja kasha la sampuli ya modeli mpya. Otieno, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyeng'oa ubao wa juu. Ndani mlikuwa na sehemu ya mbele ya gari tu: sakafu, na chuma kinachoshika dashibodi na usukani.

"Usukani uko kulia!" akapiga kelele. "Misri wanaendesha na usukani wa kushoto. Hii ni yetu, bana! Imekuja kukaa!"

Watu wakashangilia na kukumbatiana. Mama Njeri, msimamizi wetu wa stoo, akaagiza soda. Otieno akanigeukia.

"Wee Mbongo, mbona umenuna? Unangoja uandikiwe na rais?"

"Naomba kwanza nikague," nikasema.

"Naomba! Ati naomba!" akaiga sauti yangu, wote wakaangua kicheko. Huku jina langu ni Bwana Naomba, Tata. Wanasema Watanzania tunaomba hata ruhusa ya kupiga chafya.

Nilikagua. Upande wa kushoto wa chuma kile kulikuwa na vizibo vidogo vya mpira. Nikabandua kimoja, nikakuta tundu la kufungia usukani, limeshachongwa, sawa kabisa na la kulia. Chuma kile kinaweza kufungwa Misri, Afrika Kusini au popote watakapoamua. Usukani wa kulia haukutuambia chochote. Nikakirudisha kizibo, nikanyamaza, kwa sababu niliogopa kuwa mtu aliyewaharibia soda yao.

Otieno alipokuja kuchukua glavu zake nilimwonyesha. Aliingiza kidole tunduni, akakiacha humo muda. Hakucheka.

"Usiseme," aliniambia. "Wacha wamalize kunywa."

Hapa kuna mazoea. Sampuli ikija kukaa, kasha lake linavunjwa siku hiyo hiyo na wafanyakazi wanagawana mbao kwa kura. Kitanda ninacholalia kimetoka kwenye kasha la modeli hii inayokwisha. Kwa hiyo wenzangu walikuwa wameshashika nyundo na mitaimbo, wanataniana nani atapata kabati na nani kiti, Mama Njeri alipotoka ofisini na simu mkononi.

"Msivunje," akasema. "Pigilieni misumari vile lilikuwa. Linaenda."

"Linaenda wapi, Mama?"

"Sijaambiwa."

Waliligongomea wenyewe, kwa nyundo zile zile.

Tangu hapo hatujatangaziwa kitu, lakini makasha yanayokuja ni machache, na mkataba wangu unaisha pamoja na pikapu hii. Nilijikaza nikaenda kuomba likizo fupi.

"Nyasi?" Mama Njeri akashangaa. "Unaomba ruhusa ya kwenda kutandika nyasi?"

Nikamweleza habari ya kibanja. Alinisikiliza vizuri, si mama mbaya. Kisha akasema, "Kijana, saa hii wanatafuta viti vitupu wavitoe. Ningekuwa wewe, singesimama."

Basi nimekaa. Najua utasema kazi yenyewe inaondoka, kwa nini nisije tu. Hata mimi najiuliza kila asubuhi nikivaa beji. Lakini dawa za Mama zinatoka hapa, na mdogo wangu Adela bado hajamaliza chuo cha uuguzi. Siwezi kuukimbia mshahara ukiwa bado upo. Na ukiisha, sioni kitu mbele yangu. Nimepeleka maombi kwingine. Hakuna aliyejibu.

Mwambie Kaiza, kama bado anawaza kununua pikapu, asinunue ya sasa, asubiri mpya. Vipuri vitaingiliana na vya magari mengine na hatasumbuka kuvipata. Kwake hii ni habari njema, na namwambia bila kinyongo.

Nisalimie Mama, na umwambie tu kwamba nakula. Msalimie shemeji, mke wa Kaiza, na Shangazi Kokushubira wa Kamuli, aliyenifungia kahawa ya kutafuna siku niliyoondoka. Bado ninayo kidogo. Adela asome, asisikie haya. Baba wadogo uwasalimie baada ya kikao cha ukoo.

Mimi mwanao anayekuwaza,
Elieza

*

Maneno ya kuusomea ukoo:

Wazee wangu, shikamooni. Mimi Elieza, mtoto wa pili wa Mzee Rwegasira, sitafika msimu huu. Sehemu yangu ya chini apewe kaka yangu Kaiza, aitandike nyasi, yeye na watoto wake wafaidi mazao yake. Naomba jambo moja tu. Njia iendayo kwenye kaburi la Bibi aiache wazi, ili nikija nipite bila kukanyaga nyasi zake. Nitaanza kwa kupiga hodi.