Pikipiki ya Oluoch Langoni

Amir, nimetoka kwa kina Dalmas sasa hivi. Bado siamini.

Unaijua ile pikipiki ya marehemu kaka yake, Oluoch. Ukienda polepole inashtukashtuka, halafu inazima. Leo Dalmas alikuwa aiendeshe mbele ya jeneza kutoka mochari ya Kombewa, mwendo wa miguu, na hakutaka imwaibishe mbele ya wanabodaboda. Jana alisafisha kabureta, akakaza waya wa mafuta uliolegea. Ikalainika kabisa!

Akaingia langoni kwao bila pikipiki kuzima. Wenzake wakampigia honi. "Fundi!"

Mama yao, ambaye alikuwa hajalia tangu apate habari, akabaki ameketi. "Hiyo ni pikipiki ya nani?"

Ya nani, Amir! Kumbe kila jioni mama alijua Oluoch amefika pikipiki ilipokohoa na kuzima pale langoni. Ndipo alipokuwa akisonga ugali.

Dalmas akashuka. Akairudisha nje, akachukua spana, akaulegeza ule waya mbele ya watu wote. Mjinga mmoja akafoka, "Omera, ndugu yangu, unaharibu nini?"

Akawasha tena. Langoni ikashtuka, ikakohoa, ikazima.

Mama akainuka. "Oluoch amefika," akasema.

Ndipo akalia.