Video ya Insha

Shoga, siamini hadi sasa. Yule mwalimu ninayekaa naye meza moja ofisini amelia leo.

Jana aliweka mtandaoni video ya mwanafunzi wake akisoma insha. Uso unaonekana, jina limeandikwa, sare ya shule ndiyo hiyo. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Eti alitaka kumsifia!

Leo asubuhi mama wa mtoto akaingia ofisini. “Baba yake alikuwa anatupiga. Miaka miwili tumejificha. Leo tumemkuta getini kwenu.”

Getini, shoga! Getini kwetu!

Mwenzangu akasema, “Lakini nimeshaifuta, mama.”

Yule mama akamuuliza, “Sasa nihamie wapi tena, mwalimu?”

Ofisi nzima tukainamia madaftari. Mama na mtoto wametolewa kwa mlango wa nyuma.